Kwa Nini Bahari Huja Kukagua Pwani

Hamjambo wenzangu? Sogeeni hapa, na anayetafuna kashata amalize kwanza. Kisa hiki nimekiandika kwa mkono wangu na ninakisoma polepole. Mkipiga kelele nitapoteza mstari.

Zamani bahari haikujaa wala haikutoka. Ililala palepale kama mtu aliyeshiba. Pwani ilikuwa wazi, kila mtu akipita. Wanawake walichimba mashimo penye tope, wakafukia makumbi ya nazi. Baada ya miezi waliyafukua yakiwa yamelainika, wakayapiga kwa rungu, wakasokota kamba.

Basi Bwana Silima, aliyejenga nyumba kubwa juu kidogo ya pwani, akakata nguzo za mkoko akazungushia ua mpaka majini. Akasema, "Mbele ya mlango wangu ni kwangu."

Ndani ya ua ule lilibaki shimo la Bi Mize. Binti yake, Time, alikuwa aolewe mwezi uleule, na kitanda chake kilikuwa mbao tupu, kinangoja kamba. Bi Mize akaenda na wanawake wenzake kupiga hodi.

"Bwana Silima, nimekuja kufukua makumbi yangu."

"Makumbi gani? Mimi naona mchanga wangu tu."

"Haya, uchimbe huo mchanga wako. Harufu itakwambia ni wa nani."

Wenzake wakacheka. Silima akafunga mlango.

Bi Mize hakurudi nyumbani. Alikunja kanga, akaingia majini, akauzunguka ua pale ulipoishia, akatokea ndani. Akafukua kikapu kimoja, akarudi nacho njia ileile. Kesho yake Silima akaongeza nguzo. Maji yakamfika Bi Mize kiunoni, na akazunguka. Silima akaongeza tena. Safari hii maji yalimfika kifuani, kikapu kichwani, wenzake wamemshika mkono.

"Utachoka, bibi wee!" Silima akapiga kelele.

"Itaanza kuisha mikoko yako!" Bi Mize akamjibu.

Siku ya saba Silima alikwenda mbali zaidi, akasimamisha nguzo, akaipigilia kwa hasira. Hakujua kwamba hapo ndipo bahari ilipolalia. Nguzo ikaiingia ubavuni.

Bahari ikaamka, Silima akakimbilia nyumbani. Ikapanda, ikang'oa nguzo zote, ikapita kizingiti, ikamkuta Silima amepanda juu ya meza.

"Nani kanichoma?"

"Nisamehe. Nilikuwa nazuia watu tu."

"Hao watu wamepita kwangu miaka yote, hakuna aliyenichoma. Sasa nitakuja mwenyewe kuangalia. Nitakapofika mimi, asiweke mtu ua."

Ikarudi nyuma. Bi Mize akafukua kikapu cha mwisho, na kamba zikatosha. Time aliolewa kwa kitanda kinachonuka pwani kidogo.

Na tangu siku hiyo bahari hupanda mara mbili kila siku, ikapapasa mchanga wote, na ikikuta pako wazi hurudi. Kwenye mashimo ya zile nguzo wakahamia kaa, nao wanachimba mpaka leo. Na sisi tunaofukia makumbi tunaweka jiwe tu la alama. Kijiti hatuchomeki.

Haya, nafunga daftari. Maji yanatoka, na shimo langu liko nyuma ya ule ukuta mpya uliojengwa pwani. Nitauzunguka. Nikirudi nitakuwa nimelowa, niachieni nafasi ya kukaa.