Mlango wa Mama Uyoga

Kabla mlima Nsungwi haujanyamaza, mvua iliteremsha kutoka kileleni jiwe la manjano liitwalo kiberiti. Hilo ndilo jina lake tangu awali. Vijiti vya kuwashia moto vililirithi baadaye. Kila kilichoota kilihitaji kiberiti kidogo, kama mjenzi anavyohitaji kamba: fito ziwe nyingi namna gani, zisipofungwa hakuna nyumba.

Mama Uyoga aliishi na watoto wake chini ya ardhi, kwenye mizizi ya mti mkongwe, Mzee Mkusu. Nyumba yake ilikuwa na milango midogo mingi, yote wazi usiku na mchana.

"Riziki imekuja yenyewe, niifukuze?" alikuwa akisema.

Mwaka mmoja mlima ulinguruma, ukatema majivu ya manjano. Kiberiti kikaingia kwa kila mlango. Watoto walikula mpaka wakaungua matumbo, wakafa mmoja baada ya mwingine. Alibaki kitindamimba, Atupele. Mama Uyoga aliwazika wenzake, kisha akachukua udongo wa mfinyanzi akaziba milango yote.

Mlima ukanyamaza. Mvua zikaosha ardhi mpaka kiberiti kikaadimika. Atupele akaanza kulegea. Maji alikuwa nayo, na utamu wa majani aliletewa na Mzee Mkusu kupitia mizizini, lakini mwili haukushikana. Kila alipoinua kichwa juu ya ardhi, kofia yake ilianguka.

"Jirani," Mzee Mkusu akaita, "umejenga nyumba au kaburi?"

"Waulize niliowazika."

"Hao siwezi kuwaita. Namuulizia aliye hai."

Mama Uyoga akaongeza udongo mlangoni.

Siku zile watu wa Nsungwi walikuwa wakichoma nywele za msiba, zile wanazonyolewa wafiwa. Akafa Mwasumbi, na matanga yalipoanuliwa, wanawake wakamleta mjane wake, Tusekile, wakamnyoa chini ya mkusu. Shangazi wa marehemu akatupa konzi ya kwanza motoni. Tusekile akamshika mkono.

"Shangazi, basi. Nywele hizi mume wangu alizisuka kwa mkono wake nilipokuwa mgonjwa."

"Mwasumbi alisuka? Ndiyo maana ulikuwa hutoki nje," akasema shangazi, na wanawake wakacheka huku wakilia. "Haya, tuzipeleke wapi?"

"Hapa. Hapa ndipo alipopenda kupumzika."

Akachimba kwa vidole vyake, akazizika.

Harufu ya zile zilizoungua ilikuwa imeshapenya ardhini. Mama Uyoga aliitambua: ilikuwa harufu ya mlima, harufu ya kiberiti.

"Mama," Atupele akasema kwa sauti ndogo, "hicho ndicho ninachokosa."

Mama Uyoga akaweka mkono juu ya udongo wa mlango. Asipofungua, mtoto angekufa. Akifungua, huenda angekufa vilevile, kama wenzake waliokufa kwa milango kuwa wazi.

"Nitajuaje pa kukomea?"

"Ulipofungua ulikuwa ukiutazama mlima, mama. Ulipofunga, uliutazama mlima vilevile. Nitazame mimi."

Mama Uyoga akabandua udongo wa mlango mmoja. Akazilainisha nywele za Tusekile kwa mate yake, akaanza kulisha, unywele mmoja mmoja, macho yake usoni pa mtoto.

"Bado?"

"Bado."

"Bado?"

"Basi, mama."

Nywele zilikuwa zimebaki tele mlangoni. Akafunga.

Na tangu siku hiyo uyoga hufungua unapopungukiwa, ukakitafuta kiberiti hata katika nywele, manyoya na kwato. Ukitosheka hufunga, hata kama kimejaa nje. Watu wa Nsungwi nao waliacha kuchoma nywele za msiba. Mvua ya kwanza iliponyesha, Tusekile alirudi chini ya mkusu akakuta uyoga mmoja umesimama, kofia yake imara. Alikuwa na kikapu, na nyumbani hapakuwa na mboga. Akachutama mbele yake kwa muda, akaufukia shina vizuri, akaondoka. Mpaka leo, uyoga wa kwanza kuota penye nywele za msiba hauchumwi.