Gavana Dubu na Chemchemi ya Mkwajuni

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kugombana kama sisi, alikuwepo Dubu mmoja kutoka nchi ya baridi. Kazi yake ilikuwa ugavana.

Na ugavana wenyewe sasa! Alianzia kisiwa cha kobe, akawaamuru wapige gwaride la mbio. Kobe wa watu wakapinduka chali, puu! puu! Wakubwa zake wakamwongezea unyoya kwenye kofia, wakamhamishia nchi ya korongo. Huko akaamuru kila korongo asimame kwa miguu miwili, eti mguu mmoja ni utovu wa adabu. Nchi nzima ikalala njaa kwa kusimama. Wakamwongezea unyoya mwingine, wakamleta Mkwajuni.

Jua la Mkwajuni mnalijua. Dubu, na manyoya yake yale, akaloa jasho, akahema, hee! hee! Alipoiona chemchemi akatumbukia, chubwi! Aliporidhika akatoa kichwa, akatangaza:

"Hii maji sasa ya Serikali! Hapana mtu kuja hapa!"

Ukajengwa ua wa miiba. Aliyeujenga nani? Nyati, na nguvu zake zote! Alivishwa nishani ya bati, akaitwa Jumbe, basi, kwisha. Kiboko akapewa kofia nyekundu, akalinda mlango. Wengine wakabaki kulamba umande.

Kulikuwa na Nguchiro mmoja, jina lake Siwatu, mama wa watoto wachanga. Kwa kiu, maziwa yakamkauka. Akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Jumbe. Watoto wanakufa."

"Marahaba. Vumilia, mama. Jambo lako nimelipeleka juu."

"Jana ulisema juu. Juzi juu. Hiyo juu ina masikio?"

Nyati akaifuta nishani yake, akatazama pembeni.

"Mfyuu!" Siwatu akasonya. "Pembe zote hizo za nini, basi?"

Akaenda mwenyewe mpaka kwenye ua.

"Simama! Nani wewe?" Kiboko akanguruma.

"Ah, Afande, mkeo kaazima ungo wangu juzi tu, leo hunijui? Nipishe, nina habari ya Gavana."

Kiboko akaona haya, akampisha. Dubu alikuwa ndani ya maji, kofia kichwani.

"Wewe taka nini? Mimi iko kazi!"

"Naona, Bwana Mkubwa, pole kwa kazi. Nimekuja kukuaga tu."

"Aga? Mimi hapana kwenda!"

"Eti? Sasa kiti cha Gavana Mkuu anakikalia nani?"

Maji, bwaa! Dubu kasimama.

"Gavana... Mkuu?"

"Kule kileleni mwa mlima, pale peupe. Barafu tupu, Bwana! Anayekaa pale anatutazama sote kutoka juu. Kiti ki wazi, lakini nasikia Jumbe Nyati anafunga virago."

"Nyati? Ile ng'ombe?"

"Ndiyo hivyo. Ila lipo sharti. Cheo cha mlimani hakiteremki. Mwenyewe akishuka hata hatua moja, amekuwa raia kama mimi."

"Mimi hapana shuka!" Dubu akapiga kifua, pu! pu! "Mimi panda tu, toka zamani!"

Hata siku ya kuondoka hakuacha kuwasumbua. Gwaride juani, kisha hotuba. "Nyinyi lia sana, mimi kwenda," akasema. Walie? Machozi wangeyatoa wapi, na maji kayafunga yeye?

Akapanda mlima akihema, bila kugeuka nyuma. Wanyama wakaikimbilia chemchemi. Lahaula! Nyati kasimama mlangoni.

"Rudini! Gavana kaondoka, amri haijaondoka."

Siwatu akashika kichwa. Kweli, Nyati huyu! Kisha akamsogelea sikioni.

"Jumbe, yule kule juu yuko peke yake. Nani atampigia saluti? Bila shaka anatafuta Jumbe Mku—"

Puta! puta! puta! Hata hakungoja neno liishe. Vumbi tu likaonekana likipanda mlima.

Kiboko akabaki anakodoa macho. "Mama Siwatu, na mimi je?"

"Wewe vua kofia, uingie majini."

Ua ukabomolewa, kacha! kacha! Siwatu akanywa, akarudi mbio kwa wanawe, nao wakanyonya mpaka matumbo yakawa kama ngoma.

Na wale wawili? Dubu alikuta jiwe, akalikalia, hana raia hata mmoja wa kumwamuru. Nyati akampigia saluti huku meno yakigongana kwa baridi. Dubu akamwambia lile sharti. Kila mmoja alitamani kushuka, ila hakuna aliyekubali kuwa raia wa kwanza.

Basi shikeni hili, wanangu: mpenda makuu hafukuzwi, huonyeshwa ngazi.