Chumvi Haiingii Peke Yake

Mvua hii juu ya bati ni tamu, jamani. Naona kule nyuma kuna baba mmoja macho yameshaanza kuelea. Sinzia tu, baba, sikuchongei kwa mtu. Mfano wa leo wenyewe una usingizi ndani yake, na huenda aliyesinzia akauelewa kuliko sisi tulio macho.

Palikuwa na mama mmoja, mpika chumvi. Kwao kuna chemchemi ya maji ya chumvi, na kazi ya wanawake wa pale tangu enzi za bibi zao ni kuyachota maji hayo na kuyachemsha kwenye makarai mapana, mpaka maji yaishe, chumvi ibaki chini. Mama huyu mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni, na magunia yake yamepangwa mpaka yanagusa dari. Ukimgusa habari ya chumvi, utashinda hapo.

Upande wa pili wa uzio wa mabua aliishi wifi yake, dada wa mumewe, mpika visheti na kashata. Huyo naye ni mtu wa sukari. Sasa niwaulize kina mama: wifi na wifi, uzio mmoja, huyu ana chumvi, yule ana sukari, si ingekuwa raha? Mbona mnacheka? Haya, mnajua wenyewe. Watu hawa walikuwa na miaka miwili hata chumvi hawaombani.

Chanzo kilikuwa jina. Desturi ya ukoo ule, mtoto wa kwanza wa kike hurithi jina la bibi mzaa baba. Wifi akawa anasubiri kwa hamu mtoto aitwe Kabula, jina la mama yake marehemu, maana mama yule alimpenda mno na hajamaliza kumlilia. Mpika chumvi akakaza shingo, akampa mtoto jina la mama yake mwenyewe, Nyamizi. Wifi alikuwa amekuja na kikapu cha zawadi. Akakiweka chini taratibu, akasema, "Haya, mlee na huyo mama yako," akavuka uzio, hakurudi tena. Tangu siku hiyo hakumwita mtoto kwa jina. Akitaka kumtaja, anasema "yule wa kule."

Mtoto alipotimiza miaka miwili, masika kama haya, akashikwa na kuhara. Baba yake kasafiri na lori la chumvi, mto umefurika, daraja limefunikwa na maji. Mama akambeba hadi zahanati, na muuguzi akamwambia ukweli.

"Mama, zile paketi za dawa ya kuchanganya na maji zimeisha, na gari la kuzileta limekwama ng'ambo ya mto. Utaitengeneza nyumbani. Maji lita moja, yachemshe, yapoe. Chumvi nusu kijiko cha chai. Sukari vijiko sita vya chai, vya kusawazisha, usirundike. Mnyweshe kidogo kidogo, usichoke. Mto ukipungua tu, mvushe umpeleke hospitali."

"Chumvi ninayo," mama akasema. "Sukari ndiyo sina."

"Itafute. Moja bila mwenziwe haisaidii." Muuguzi akamwonyesha picha iliyobandikwa ukutani. "Mwili wa mtoto umejengwa kwa vyumba vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Vinaitwa seli. Kila seli imezungukwa na utando, ndio ukuta wake, na utando huo haupitishi kila anayekuja. Ugonjwa huu ukiingia tumboni, milango ya chumvi inavurugika. Lakini upo mlango mmoja ambao hauvurugiki. Mlango huo chumvi na sukari huingia pamoja, wameshikana. Wakishaingia, maji huwafuata."

Mama akaitikia, akarudi. Dukani sukari imeisha tangu barabara ikatike. Sukari ya kijiji kizima ilikuwa imebaki kwenye nyumba moja, na nyumba hiyo mnaijua.

Alisimama kwenye uzio na mtoto mgongoni. Kulikuwa na moshi jikoni kwa wifi yake, na harufu ya visheti. Akafungua mdomo apige hodi, akakumbuka kile kikapu kilivyowekwa chini. Akafunga mdomo. Moyoni akajiambia, kwani chumvi si ndiyo kazi yangu? Nitamtilia chumvi zaidi, itatosha.

Ndugu zangu, msije mkafanya alichofanya! Chumvi ikizidi inamuua mtoto. Yeye alikwenda kumchanganyia maji na chumvi tupu, kwa sababu mtu akishikwa na hofu hukimbilia kile anachokijua. Mtoto akanywa, akatapika. Akanywa tena, akatapika tena. Kufika kesho yake adhuhuri midomo imekauka, macho yamezama, na akilia halitoki hata chozi. Mliolea mnajua maana ya mtoto kulia bila machozi.

Akakaa kwenye kigoda karibu na karai lake, mtoto mapajani. Mvuke wa chumvi unapanda, mvua inanyesha juu ya paa kama hivi inavyonyesha. Siku mbili hakuwa amefumba macho. Usingizi ukamchukua hapo hapo alipokaa.

Akajiona amekuwa mdogo, mdogo kuliko punje ya chumvi, amesimama kwenye maji ya vuguvugu. Mbele yake kuna ukuta. Akausogelea, akaona ukuta wenyewe ni watu. Wamejipanga safu mbili, wasiohesabika. Safu ya nje wameelekeza vichwa kwenye maji ya nje, safu ya ndani wameelekeza vichwa kwenye maji ya ndani, na miguu ya hawa na ya wale imekutana katikati, mahali pakavu. Vichwa vyao vilipenda maji. Miguu yao haikutaka hata tone.

Wala hawakukaa wima kama askari wa gwaride. Waliyumba, wakapishana, huyu akateleza kwenda kwa yule, kama watu wanaocheza ngoma ya polepole, na bado hapakuwa na upenyo. Hewa ikaja, ikapita katikati ya mabega yao bila hata kusalimia, wala hakuna aliyeigombeza. Mama akatazama, akasahau kidogo kwamba ana huzuni, kwa jinsi palivyokuwa pazuri.

Ndipo akauona mlango. Bawabu wake alikuwa mwanamke mnene, amekaa ndani ya ukuta ule ule, ameweka mikono yake miwili wazi mbele yake. Mbele ya bawabu akasimama mwanamke mwenye mikono myeupe hadi viwikoni. Mama akamtazama usoni, akajiona yeye mwenyewe. Yule akapiga hodi.

"Uko na nani?" bawabu akauliza.

"Peke yangu."

"Basi bado."

Akaja mwingine kwa upande wa pili, anajitanda khanga ambayo mama aliijua, maana huiona ikianikwa kila Jumamosi ng'ambo ya uzio. Naye akapiga hodi.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Basi bado."

Nyuma yao palikuwa na umati umekaa kimya, watu wa rangi ya maji, hata mwisho wao hauonekani. Mama akawageukia. "Nyie mbona mmekaa? Mwanangu ana kiu! Ingieni!"

Mmoja wao akamjibu kwa upole, "Mama, sisi huwafuata hao. Wakiingia tunaingia. Wakibaki nje, nasi tunakaa."

Na kutoka ndani ya ukuta akasikia sauti ndogo anayoijua kuliko sauti zote za dunia. "Mama, maji."

Akamrukia bawabu. "Mfungulie hata mmoja, nakuomba! Unamsikia?"

"Namsikia. Lakini mikono yangu ni miwili, mama, na kila mmoja una wa kwake. Mmoja ukibaki mtupu, mlango haugeuki. Sikuuumba mimi."

Mama akamwangalia yule wa khanga. Yule wa khanga akatazama pembeni. Na mama, hata ndani ya ndoto, hata na sauti ile masikioni, akajikuta anasema, "Aanze yeye."

Bawabu akashusha pumzi. "Basi semezaneni huko nje mpaka mtosheke. Sisi huku ndani tunakauka."

Ile sauti ndogo ikanyamaza.

Mama akazinduka na ukelele. Mtoto bado anapumua, lakini pumzi za juu juu. Hakuvaa kandambili, hakujitanda kitu. Akambeba mtoto kifuani, akautia bega uzio wa mabua, ukalala chini. Akafika mlangoni kwa wifi yake matope hadi magotini. Kabla hajasema hodi, mlango ukafunguka.

"Wifi," akasema, "nakupigia magoti. Jina nitabadilisha, nitamwita unavyotaka. Naomba sukari."

Wifi yake hakwenda jikoni. Hakuuliza kiasi gani. Alinyoosha mkono, na mkononi mna kitambaa kilichofungwa fundo.

"Vijiko sita," akasema. "Vya kusawazisha."

Mama akakitazama kile kitambaa. "Umejuaje?"

"Jana jioni nilimsikia anavyolia. Nikamfuata muuguzi, nikamuuliza, akanieleza yote. Nikaja nikaipima." Wifi akautazama uzio uliolala. "Nimekaa nayo tangu jana. Nilikuwa nasubiri uje uombe."

Hawakusemezana zaidi, maana hapakuwa na muda. Wifi akachota maji aliyokuwa amechemsha na kupoza, mama akafungua fundo, nusu kijiko cha chumvi kikaenda na vijiko sita vya sukari kwenye maji mamoja. Wakakaa sakafuni, mtoto mapajani kwa wifi, mama kashika kikombe. Kijiko kimoja, wakasubiri. Kijiko cha pili, wakasubiri. Akitapika, wanapumzika kidogo, wanaanza upya.

"Kunywa, Nyamizi," wifi akawa anambembeleza. "Kunywa, shangazi yako akuone." Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutoka kinywani mwake. Mama akalisikia, akauma ukosi wa nguo yake ili asilie.

Jua likielekea kutua mtoto akakunja uso, akalia. Na safari hii machozi yakatoka. Muda si muda khanga ya wifi ikalowa mapajani. "Kakojoa!" akapiga kelele kama aliyeokota dhahabu. "Wifi, kanikojolea!" Wakashikana pale sakafuni, wanacheka, wanalia, mtu asijue lipi ni lipi. Siku ya pili mto ukapungua, wakavuka wote watatu kwenda hospitali.

Haya. Sasa mmefurahi, mtoto kapona, na wengine mnadhani nimemaliza. Bado. Niambieni, katika wale wawili mnamsifu nani? Nasikia kina mama mnasema aliyeuangusha uzio. Ni kweli, kavunja kiburi chake pamoja na mabua. Kachelewa, lakini kavunja.

Lakini tangu niupate mfano huu siyo yeye anayeninyima usingizi. Ni yule wa kitambaa. Hakuwa mtu mbaya! Mtu mbaya angelala. Huyu alitoka kwenye mvua, akaenda kuuliza, akarudi, akapima vijiko sita kwa uangalifu, akafunga fundo. Kafanya kila kitu, isipokuwa hatua kumi na mbili za kuvuka uzio. Akakaa na uhai wa mtoto mkononi, anasikia kilio kinavyopungua, anasubiri aombwe. Angechelewa kuombwa saa mbili tu, kitambaa kile angekipeleka msibani.

Na sisi je? Mnadhani hapa ndani wamejaa watu wa chuki? Hakuna. Hapa tumejaa watu wa vitambaa. Msamaha tumeshaupima, tumeshaufunga, upo mfukoni, unanukia vizuri. Ukituuliza tunasema, "Mimi sina neno naye, yeye tu aje." Yeye tu aje! Na yeye kule kwake anapika chumvi yake, anasema, "Aanze yeye." Na katikati yetu kuna mtoto. Kuna ndoa inakauka. Kuna mama mzee amelala kitandani, anao watoto wawili wasioingia chumbani kwake siku moja. Wanalia, ila machozi hayatoki tena, sisi tunadhani wamenyamaza.

Aliyetuumba alijua anachofanya. Aliweka somo hili ndani ya tumbo la kila mtoto, kwenye ukuta mwembamba kuliko uzi wa buibui: chumvi haiingii peke yake, sukari haiingii peke yake, na maji ya uzima hayaji mpaka hao wawili wameshikana mikono. Sasa tunaomba baraka kila Jumapili, tunauliza kwa nini haziji. Zimekaa nje, ndugu zangu. Zinatusubiri sisi.

Mwalimu wa kwaya, usianzishe wimbo kwanza. Benchi la tatu upande wa dirishani amekaa mtu ambaye mimi, mchungaji wenu, sijamsalimia tangu tuliposhindana habari ya bati hili hili mnalosikia mvua juu yake. Kitambaa changu ninacho tangu Pasaka. Nilikuwa nasubiri aje aombe.

Nishikieni kitabu hiki. Nashuka.