Mbuzi Aliyekuwa Tumboni mwa Bingwa

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa kitu gani?

Pakawa kitu cha kusikia.

Basi asiye na masikio aazime, na mwenye nayo ayafungue yote mawili, maana sirudii.

Hapo kale wanyama walipanda baiskeli. Walizitoa wapi, muulizeni aliyewauzia. Kila mwaka, kiangazi kikinusa mlangoni, walishindana kutoka Mbuga ya Chumvi hadi juu ya Kilima cha Pembe. Mshindi hakupewa kikombe wala nishani. Alipewa maji. Yeye, ukoo wake na mashabiki wake walikunywa wa kwanza kwenye Chemchemi ya Mawe Matatu mpaka mashindano mengine, na waliobaki walisubiri. Tena bingwa ndiye aliyechora njia ya mashindano yajayo, kwa ukucha wake mwenyewe, kwenye vumbi la barazani. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi.

Mwaka huo alishinda Fisi. Watu wakashangaa, maana Fisi mnamjua, miguu ya mbele mirefu, ya nyuma mifupi, na mwaka uliotangulia kile kilima kilimrudisha chini kama gogo. Safari hii alikipanda chwaa, chwaa, chwaa, ulimi ndani, jasho hakuna. Nyuma yake akaja Digidigi, mpanda baiskeli wa wanyama wadogo, tiki, tiki, tiki, macho yamemtoka, akafika wa pili.

Ilikuwepo sheria. Mshindi akishuka kwenye baiskeli, kabla hajashangiliwa, anakojoa ndani ya kibuyu mbele ya mashahidi. Kibuyu kinazibwa kwa nta na kupelekwa kwa Panya Buku, ambaye pua yake haijapata kudanganywa. Buku akanusa, fu, fu, fu. Akasema mna mzizi mwekundu humu.

Mzizi huo huota nyuma ya vichuguu. Ukitafuna kipande, miguu inasahau kuchoka. Ulikatazwa tangu Pundamilia mmoja alipoutafuna akakanyaga pedeli mpaka moyo ukapasuka, akafika kileleni maiti, mikono bado imeshika usukani.

Fisi akaitwa barazani. Hakubisha kwamba mzizi umo. Alisema hakuula yeye. Alisema siku tatu kabla ya mashindano alikula mbuzi, na huyo mbuzi, bila kumwarifu, alikuwa amekula mzizi. Akaulizwa mbuzi yuko wapi atoe ushahidi. Akajipapasa tumbo kwa heshima, akasema shahidi ameshapita.

Hakimu alikuwa Mzee Kobe. Walimchagua kwa kuwa hana papara, na hicho ndicho walichokipata. Kobe akasema jambo hili ni zito, linataka kufikiriwa. Na mpaka hukumu itoke, Fisi anabaki bingwa, maji ni yake, na njia ya mwaka ujao haitachorwa.

Basi mashabiki wakaanza kungoja.

Miongoni mwao alikuwamo Bi Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, kama mkonga uliokosa tembo wa kukaa. Mjane, watoto watano. Yeye hakupenda baiskeli kwa sababu ya baiskeli. Alikuwa shabiki wa Digidigi kwa sababu ya maji. Akina Fisi wakishakunywa, walioga. Wakishaoga, walilala humohumo chemchemini. Zamu ya wadogo ilipofika, palibaki tope, na kwenye tope palikuwa na manyoya.

Mwezi wa kwanza Bi Sange akaja barazani na wenzake. Wakaja, wakakaa, wakangoja. Kobe akatoa kichwa, akasema, "Bado." Akarudisha kichwa.

Mwezi wa pili wakaja, wakakaa, wakangoja. Mashabiki wa Fisi walikuwa upande wa kivuli, wadogo upande wa jua. Kule kivulini Mbweha alikuwa akieleza jinsi bingwa wake atakavyoichora njia: tambarare tupu, izunguke kilima, ipite mlangoni kwa shemeji yake Fisi, pale penye supu. Kobe akatoa kichwa, akasema, "Bado." Akarudisha kichwa.

Mwezi wa tatu Bi Sange alikuja na watoto wanne. Hakuna aliyeuliza, lile tope kila mmoja alilijua. Wakaja, wakakaa, wakangoja. Kobe akatoa kichwa, akatazama kivulini, akatazama juani, akasema hukumu atatoa mwezi ukiandama, na kwamba habari ya mbuzi ni ngumu kuikanusha, kwa kuwa aliyemla huyo mbuzi ndiye pekee aliyemwona. Akarudisha kichwa.

Bi Sange aliyasikia maneno hayo akayaelewa. Fisi atashinda kesi. Atachora njia, atashinda mbio, na kiangazi kijacho kitakuwa kama hiki. Alipofika nyumbani akawahesabu watoto wake, hesabu ambayo haikuwa ndefu. Kisha akaenda kwa Beberu, mkubwa wa ukoo wa mbuzi.

Alimkuta anacheua. Akamwamkia, akampa pole ya msiba. Beberu akauliza msiba upi. Bi Sange akasema, huyo ndugu yenu aliyeliwa na Fisi. Beberu akacheua kidogo, akasema wamejihesabu mara mbili tangu kesi ianze, na hakuna mbuzi aliyekosekana, hata yule kilema.

"Basi hamna wa kumlilia, kaka," akasema Bi Sange. "Lakini mnaye wa kumdai."

Beberu akaacha kucheua. Bi Sange akamwambia, pole pole, mambo ya kufanya. Beberu akasema anaogopa, Fisi ni Fisi. Bi Sange akamkumbusha kwamba siku ya baraza hakuna anayemla mwenzake, na kwamba ukoo wa mbuzi ulikuwa unakunywa tope lilelile.

Mwezi ukaandama. Baraza likajaa mpaka wengine wakakaa juu ya wengine. Fisi alikuja na baiskeli yake imepakwa mafuta, akaiegemeza palipo wazi ionekane, akapiga kengele, kring, kring, kivuli kizima kikapiga makofi. Mzee Kobe akatoa kichwa. Kabla hajafungua kinywa, njia ikafunguka nyuma, wakaingia mbuzi.

Waliingia arobaini, kwa mstari, wazee mbele, wamejipaka majivu ya matanga. Hawakulia. Walitembea ko, ko, ko, mpaka mbele ya hakimu, wakapiga goti. Beberu akasema:

"Mzee wetu, shikamoo. Sisi ni wafiwa. Tumekuja kumshukuru Bwana Fisi, kwa kuwa ametangaza mbele ya kadamnasi kwamba nguvu iliyopanda Kilima cha Pembe ilikuwa ya ndugu yetu, marehemu Kidevu. Marehemu alikula mzizi bila kujua sheria, maana yeye hakuwa mpanda baiskeli, na sheria ni ya wapanda baiskeli. Hana kosa. Ila kilima amekipanda yeye. Tunaomba ubingwa uandikwe jina lake. Na maji tutayanywa sisi, kwa niaba yake."

 

Fisi akacheka, lakini kicheko chake siku zote ni kama kilio, hakuna aliyejua anafanya lipi. Akasema aliyekanyaga pedeli ni yeye. Beberu akakubali kwa upole. Akasema hata punda hukanyaga njia, lakini mzigo unaitwa kwa jina la mwenye mzigo.

Mzee Kobe akasema hoja hiyo ni nzito, inataka kufikiriwa, na kichwa kikaanza kurudi ndani. Bi Sange akaona miezi mitatu mingine ikija. Akasimama upande wa jua, ingawa kwa udogo wake asimame asisimame ni sawa, haonekani, na akaanza kuimba. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi:

"Mbuzi ndani, Fisi nje,
kilima kapanda nani?"

Wadogo wakaitika, "Kidevu."

"Miguu ya nyuma mifupi,
kilima kapanda nani?"

"Kidevu."

Wimbo ulikuwa mtamu, na ulikuwa na mahali pa kupigia makofi. Sasa mashabiki, wanangu, wanampenda bingwa, lakini wimbo wanaupenda zaidi. Ukavuka jua ukaingia kivulini. Ngedere akaitika, Tai akaitika. Mwisho Mbweha, yule aliyekula makombo ya Fisi tangu meno ya utoto, akajikuta anapiga mguu chini na kusema Kidevu, Kidevu, huku uso wake ukionyesha kwamba mguu haukumwomba ruhusa.

Fisi akamtazama Mbweha. Maji angevumilia kuyagawa, labda. Lakini alimwona rafiki yake akimshangilia mbuzi ambaye hajawahi kuzaliwa, na hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa nyangumi. Akatafuta pa kulimeza, hakupata.

"Hakuna mbuzi," akasema.

Wimbo ukakatika.

"Hakuna mbuzi. Hakuna Kidevu. Nilichimba mwenyewe, kwa kucha hizi, nyuma ya vichuguu, siku tatu. Nilitafuna mwenyewe, mpaka ufizi ukatoka damu. Mzizi wangu, miguu yangu, kilima changu. Simgawii mtu."

Mzee Kobe akatoa kichwa chote, na shingo, mpaka wengine wakaona mahali ambapo hawakujua kama anapo. Akauliza kama Bwana Fisi ana la kuongeza. Fisi, ambaye sasa ndiyo kwanza alikuwa anajisikia akisema, akafunga kinywa. Ilikuwa haraka mno kwa mtu aliyechelewa hivyo.

Hukumu ikatoka palepale, bila kufikiriwa. Fisi akavuliwa ubingwa. Akawekwa zamu ya mwisho ya maji, nyuma ya wadogo, nyuma ya mbuzi, nyuma hata ya vyura, ambao hawanywi bali hukaa tu. Ubingwa ukaenda kwa aliyefuata, Digidigi, naye akaitwa aje achore njia.

Digidigi akaja. Watu wadogo walinyoosha shingo. Akaweka ukwato kwenye vumbi akachora. Njia ikaanza mbugani, ikakata kushoto, ikaacha barabara, ikaingia kwenye miamba ya Majabali Pacha, kupitia ule ufa ambao usukani wowote mpana kuliko wa digidigi unakwama. Ikatokea upande wa pili, karibu kabisa na kilele. Akaichora vizuri, akaipuliza vumbi, akarudi nyuma kuitazama.

Kivulini wakaanza kunung'unika. Mbweha, ambaye hakuwa tena na mahali pa kula, akamgeukia Bi Sange, akamwambia, "Shangazi, wewe ndiye uliyetaka haki. Hiyo njia ni haki?"

Bi Sange akaitazama ile njia. Aliuona ufa. Aliona kwamba mwaka ujao mshindi anajulikana tangu leo, kama alivyokuwa anajulikana jana.

"Mimi nilitaka maji, mwanangu," akasema.

Akawachukua watoto wake wanne wakateremka mpaka Mawe Matatu. Maji yalikuwa yameanza kutulia, tope limekaa chini, juu pameng'aa. Wakainama, pua tano ndefu kwa mstari, wakanywa, so, so, so. Nyuma yao, mbali, kwenye foleni iliyozunguka kilima, Fisi alisimama wa mwisho na baiskeli yake, mdomo umemkauka.

Na fundisho la ngano hii, kwa wale wanaotaka kulipwa kwa kusikiliza, ni kwamba tuseme kweli siku zote. Fisi alisema uongo miezi mitatu akanywa maji safi. Alisema kweli siku moja akapelekwa nyuma ya vyura. Mbuzi walimzika mtu asiyekuwepo, wakapata zamu mbele ya Fisi. Kwa hiyo, watoto, semeni kweli, na mkishaisema njooni mnieleze mlipewa nini.

Hapo gurudumu langu limesimama. Ikiwa imewafaa, ipakieni nyuma mwende nayo. Ikiwa haikuwafaa, iacheni hapohapo ukutani, atapita mwingine aipande.