King'amuzi Bila Chaja

Mtaa wa Langas, mjini Eldoret, una baridi ya asubuhi isiyojua adabu. Huingia bila kubisha hodi, ikapita chini ya mlango na kukaa kwenye magoti ya wazee kana kwamba nayo hulipa kodi. Katika mtaa huo, kwenye ploti ya nyumba sita za mabati, aliishi Mzee Opondo na mkewe Hulda. Opondo alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo hadi alipostaafu. Alikuwa mrefu kama mlingoti na mbishi kama punda aliyeona mlima. Ukimwambia leo ni Jumanne, alikuuliza kwanza umeambiwa na nani.

Hulda naye alikuwa mwalimu wa kwaya. Kwa miaka ishirini na mitatu alifundisha sauti zote nne, na aliyeimba vibaya alimjua hata akiwa amejificha nyuma ya nguzo. Lakini mwezi wa tano, akikimbia kuanua nguo mvua ilipoanza, aliteleza akavunjika nyonga. Madaktari wa hospitali ya Plateau walimtengeneza vizuri, ila wakamwamuru akae kitandani miezi mitatu bila kukanyaga chini. Mfupa ulitii ukaanza kuunga. Kilichougua ni moyo. Tangu arudi nyumbani, Hulda hakuwa ameimba hata ubeti mmoja. Hata kulalamika aliacha, na hilo ndilo lililomtia mumewe hofu kuliko yote, maana katika ndoa ya miaka thelathini na tisa mama huyo hakuwahi kukosa la kumkosoa.

Siku moja Kageha, aliyeshikilia nafasi yake kwenye kwaya, alikuja na habari tamu kama asali. Kwaya yao ilikuwa imealikwa kuimba katika ibada ya runinga, moja kwa moja, Jumapili ya pili saa nne asubuhi. Na wimbo watakaouimba ni ule aliotunga Hulda mwenyewe.

"Mungu awabariki," Hulda alisema, kisha akageukia ukutani.

Opondo aliuona mgongo huo wa mkewe, akaapa moyoni kwamba kufa kupona Hulda ataiona kwaya yake. Kwenye simu haikuwezekana. Macho ya Hulda yalikuwa yamechoka, na kwenye kioo kidogo waimbaji walionekana kama siafu waliovaa majoho. Antena yao nayo ilishika stesheni mbili tu, na zote mbili Jumapili asubuhi zilionyesha mieleka. Stesheni ya ibada ilipatikana bila malipo ya mwezi, mradi mtu awe na dishi na king'amuzi.

Dishi lilikuwapo. Liliachwa na mpangaji wa zamani, na jirani yao Mwihaki, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Ciru, alikuwa akilitumia kuanikia chakula cha kuku. Opondo alikwenda akamwaga mahindi chini, akalibeba.

"Dishi ni la kushika mawimbi, si la kushibisha majogoo," alisema.

Mwihaki aliinama akaanza kuokota mahindi. Wawili hao hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Mwezi uliopita Opondo alikuwa amemshtaki kwa Gathogo, mwenye ploti, kwamba banda lake linanuka na taa ya vifaranga inamulika dirishani kwake. Gathogo, ambaye hupenda amani na hupenda zaidi kodi, alimpa Mwihaki hadi mwisho wa mwezi ahamishe kuku. Kuku hao ndio waliomlisha mjane huyo.

Lililobaki lilikuwa king'amuzi. Opondo alikinunua mtandaoni, kwenye duka lililojiita Neema Dijito Bei Poa. Lilikuwa duka lisilo na mlango wala kaunta wala mwenyewe, picha tu na maneno matamu. Tangazo lilisema kifaa kinatumia umeme wa volti kumi na mbili, kinafaa nyumba, gari na sola. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, paliandikwa kwamba chaja inauzwa kando. Mzee aliyewahi kuona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya kiwanda hakuyaona maneno hayo.

Mzigo ulifika Jumatano. Opondo alifungua boksi kama mtu anayefungua mahari. Ndani mlikuwa na king'amuzi kidogo, cheusi, kinachong'aa, na rimoti yake. Chaja haikuwamo. Alilipindua boksi, akalitikisa, akachungulia ndani kwa jicho moja. Wapi!

"Pole sana mpendwa mteja," duka likamjibu kwenye simu. "Lipia chaja sasa, itakufikia Jumamosi bila kukosa."

Alilipia papo hapo.

Ijumaa alikuja Mabonga, fundi wa madishi, akapanda juu ya mabati, akalielekeza dishi, akashuka na kukiwasha king'amuzi kwa chaja yake ya kazi. Stesheni zikaingia moja baada ya nyingine. Ile ya ibada ilikuwa safi kama maji ya chemchemi.

"Mzee, hii chaja yangu nikuachie mpaka Jumatatu," Mabonga alisema akikusanya vyombo. "Naenda Sugoi kwa matanga, sina kazi nayo."

"Beba chaja yako. Yangu nimelipia na iko njiani. Mtu hali kwa jirani na chakula chake kiko jikoni."

"Sawa, Mzee," Mabonga alicheka. "Lakini njiani si jikoni."

Opondo alimfungulia mlango. Alikuwa amevimba kichwa kama andazi lililozidi hamira.

Jumamosi jioni alichukua kifurushi kwenye ofisi ya mizigo, akatembea nacho hadi nyumbani akipiga mluzi. Alipokifungua mbele ya mkewe, mluzi ulikatika. Ilikuwa chaja ya simu. Ncha yake na tundu la king'amuzi havikujuana hata kwa salamu.

"Pole sana mpendwa mteja," duka likajibu. "Ofisi itafunguliwa Jumatatu. Uwe na wikendi njema."

"Wikendi njema ya nani?" Opondo aliiuliza simu.

Alimpigia binti yake Bridgit, anayefanya kazi Doha. "Baba, usiwe na wasiwasi," Bridgit alisema kwa upendo. "Nakuagizia nyingine sasa hivi, original. Itafika Jumatano."

"Jumatano kwaya itakuwa imeshanyamaza, binti yangu."

Akampigia Mabonga. Huko nyuma zilisikika nyimbo za maombolezo. "Niko Sugoi, Mzee. Chaja ndiyo hii hapa kwa mfuko. Sasa nikurushie?"

Jumapili kulikucha na baridi yake. Kufikia saa tatu Opondo alikuwa amezunguka mtaa mzima akitafuta duka la vifaa vya umeme. Yote yalikuwa yamefungwa. Wenye maduka walikuwa kanisani, na wasiokwenda kanisani walikuwa wamelala. Aliporudi alichomoa sandukuni chaja ya kompyuta ya zamani ya Bridgit, akakuta ncha yake inaingia kwenye tundu la king'amuzi. Moyo ukamruka. Kabla hajaichomeka ukutani, Hulda alisema kwa sauti ndogo, "Achana nayo, Baba Bridgit. Si lazima."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Hulda wa zamani angemwambia asichome nyumba huku mkewe hawezi kukimbia. Opondo aliweka chaja chini. Dirishani aliona banda la Mwihaki na waya mwekundu wa ile taa aliyoishtaki. Akakumbuka kuwa ile taa haikutumia stima ya ploti, ilitumia betri kubwa kama ya gari, na tangazo lilisema king'amuzi kinafaa hata gari. Akafungua mlango, akatoka.

Mwihaki alikuwa nje ya banda, amevaa gauni la kanisani, Biblia kwapani, akiwawekea vifaranga maji.

"Hodi, Mama Ciru."

"Karibu, Mzee. Leo umekuja kuhesabu kuku ama kunusa?"

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba? Kanisa liko kule, Mzee. Hapa ni kwa kuku."

Opondo alimweleza yote bila kuficha: kwaya, wimbo, chaja ya simu, Doha, Sugoi, na ile chaja ya kompyuta.

"Ya kompyuta?" Mwihaki aliruka. "Hiyo ni volti kumi na tisa! Ungekikaanga kama samaki wa kwenu." Kisha akamtazama usoni. "Mzee, wiki ijayo natakiwa nitoe hawa vifaranga hapa. Sina pa kuwapeleka. Unajua ni kwa sababu ya nani?"

"Ni mimi."

"Na dishi ulininyang'anya."

"Nilikunyang'anya, Mama. Nilikosa."

Mwihaki aliiweka Biblia juu ya ndoo. "Basi ingia."

"Ndani?"

"Betri iko nyuma huko. Ama ulidhani itatoka yenyewe ikusalimie?"

Mzee Opondo, mrefu kama alivyokuwa, aliinama nusu yake akaingia katika banda alilolishtaki. Vifaranga walimpandia viatu, na tetea mmoja akamwachia zawadi kwenye kiatu cha Jumapili. Alitoka amekumbatia betri kama mtoto mchanga.

"Kuku wangu wananuka," Mwihaki alisema akibeba waya, "lakini betri yao hainuki."

"Mama Ciru, kwa nini unanisaidia?"

"Nani amekusaidia wewe? Nilipomzika Baba Ciru, Hulda alikuja kuniimbia jioni saba mfululizo. Wewe ulikuja siku moja, ukala, ukaenda."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi walipoingia ndani. Mwihaki alikipindua king'amuzi, akasoma maandishi ya chini. "Volti kumi na mbili. Na betri ni kumi na mbili. Hawa ni watoto wa mama mmoja." Akakata waya wa taa moja ya vifaranga pamoja na ncha yake ya duara, akaichomeka ncha hiyo kwenye tundu la king'amuzi ikakaa sawasawa, akachuna plastiki ya upande wa pili kwa meno na kuziunganisha nyaya kwenye betri. "Nyekundu kwa nyekundu, Mzee. Ukigeuza, tunalia. Mimi niliunguza redio ya marehemu hivyo hivyo."

Kitaa chekundu kikawaka. Runinga, iliyokuwa kwenye stima yake ya kawaida, ikageuka samawati, ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Opondo alishika kichwa. Mwihaki alipeleka mkono nyuma ya king'amuzi, akaukuta waya wa dishi unaning'inia, akaukaza kwa vidole. Ghafla chumba kizima kikajaa majoho ya bluu.

"Kageha yule," Opondo alisema.

Hulda alinyanyua kichwa. Kwaya iliimba ubeti wa kwanza. Hulda kimya. Ukaja wa pili. Bado kimya, midomo imebana, macho hayapepesi. Opondo alijiona kama mshtakiwa anayengoja hukumu.

"Kageha amewaanzishia juu," Hulda alisema hatimaye. "Mimi niliwaambia wimbo huu uanze chini! Watakwama ubeti wa tatu. Na yule Waiyego, mwangalieni! Anatafuna peremende mbele ya nchi nzima! Baba Bridgit, sogea bwana, umeniziba na huo urefu wako. Na kiatu chako kina nini?"

Opondo alisogea. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Hakuwahi kugombezwa kwa utamu namna hiyo.

Ubeti wa tatu ulipofika, sauti ya pili ilisitasita kweli, kama alivyosema mwalimu. Hapo Hulda akafumba macho, akaushika wimbo kutoka kitandani, kwanza kwa mkwaruzo wa koo lililolala miezi, kisha wazi, nzito, imara. Mwihaki akaingia na sauti ya kwanza. Opondo, ambaye Mungu alimnyima sauti akampa urefu, aliitikia mwishoni tu, na mkewe akamkanya kwa kidole.

Ibada ilipokwisha, Mwihaki alikuwa ameikosa ya kanisani kwake. Opondo alisimama mbele yake, mikono nyuma, akatafuta maneno.

"Sema tu asante, Mzee," Mwihaki alisema, "nikafunge taa yangu kabla ya jioni."

"Asante, Mama Ciru. Asante sana. Mungu akulipe pale mimi siwezi."

Mchana huohuo alimwendea Gathogo, kofia mkononi, akafuta mashtaka yake.

"Mzee, si ulisema wananuka?" Gathogo aliuliza akijizuia kucheka.

"Pua yangu ndiyo iliyougua. Imepona."

Kuku wakabaki. Kila jioni tangu hapo Mwihaki alikuja kuketi kitandani kwa Hulda, na nyimbo zao zilivuka mabati hadi barabarani. Jumatano zilifika chaja mbili kwa mpigo, moja ya duka, lililorekebisha kosa lake Jumatatu, na nyingine ya Bridgit. Opondo aliwashukuru wote wawili kwa moyo mweupe, kwani kila mmoja hatimaye alikuwa ameleta chaja inayofaa, ingawa kila mmoja kwa saa yake.

Mabonga, aliyerudi kutoka Sugoi, alizipima zote mbili kwenye king'amuzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hizi ni kali, Mzee. Ipi imekupendeza zaidi?"

"Zote ni nzuri, na zote nitazitunza," Opondo alijibu akitazama upande wa banda, ambako Mwihaki alikuwa akiwaita vifaranga wake. "Lakini Jumapili ile nilipobanwa, aliyeniokoa ni aliyekuwa hatua kumi kutoka mlangoni kwangu. Wahenga hawakukosea, Mabonga: fimbo ya mbali haiui nyoka."