Saa Iliyokataa Kugeuzwa

Mwenye simu aizime, mwenye karanga atafune kwa adabu, na mwenye usingizi alale sasa hivi, asije akazinduka katikati akatuuliza ilikuwaje.

Palikuwa na mji unaitwa Kilongamba. Mji huo ulikuwa na watu watatu wenye vipaji, na mnara mmoja usio na kipaji hata kidogo.

Wa kwanza, Siwema, alikuwa na kichwa. Kazi yake ilikuwa kuwapikia maharage wanafunzi mia nne, lakini maharage yakishaiva na masufuria yakishalowekwa, roho yake ilihamia chumba cha uani. Humo mlikuwa na kitotoleshi cha mayai alichokiunda kwa jokofu bovu, taa za vifuu vya nazi zinazowaka ukipiga makofi, na mchezo wa bao aliouandika mwenyewe ndani ya simu. Bao hilo lilimfunga mumewe mara kumi na tisa mfululizo, mpaka akaapa kwamba simu ina jini. Kuandika programu alijifunza kwenye kioo kilichopasuka, simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Hakuna aliyemwagiza, hakuna aliyemlipa. Mji mzima ulimwita Mama Makopo, miaka ishirini sasa. Kadi za harusi zilimfikia zikiwa zimeandikwa “Mama Makopo na mwenzi wake.” Jina la Siwema lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho peke yake, na lilimuuma, ingawa alicheka na wenzake walipomwita hivyo.

Wa pili, Lugoda, alikuwa na mikono. Riziki yake ilikuwa misalaba na vibao vya makaburi, lakini akishamaliza vya marehemu alichonga vyake: mnyororo uliotoka kwenye kipande kimoja cha mti bila gundi wala msumari, kuku wa mbao anayedonoa ukimzungusha mkia, na kufuli la mti ambalo yeye mwenyewe lilimshinda kulifungua, akalala nje siku mbili.

Wa tatu, Mwantumu, alikuwa na sikio. Alikuwa mlinzi wa shule ileile ya Siwema, na ndiye aliyegonga kengele, yaani rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mlingoti. Kwake alirundika vyuma vya kila aina. Alikigonga chuma, akasikiliza, akakipiga tupa upande mmoja, akagonga tena, mpaka kikaimba atakavyo. Majirani zake walihamisha vitanda ukuta wa pili, na bado walikuwa wanaota kengele.

Sasa huo mnara. Ulikuwa katikati ya soko, na saa yake ilikufa zamani hata watu wakaigeuza msemo. Msichana akiwa hamtaki mchumba, alimwambia, “Njoo unipose saa ya mnara.” Mwenyekiti wa mji, Bwana Mtengeti, aliahidi katika kila mkutano kwamba saa mpya ingeletwa kutoka ng'ambo pamoja na fundi wake mwenye vyeti. Ahadi ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ingekuwa mtoto ingekuwa darasa la tano.

Siku moja, mkutanoni, Siwema alisimama na aproni yake.

“Mwenyekiti, hiyo saa tutaitengeneza sisi.”

“Nyinyi akina nani?”

“Mimi, Lugoda na Mwantumu.”

Mtengeti akakisogeza kipaza sauti mdomoni ili asikose kusikia hata mtu mmoja. “Mnasikia, wananchi? Mama Makopo, Bwana Makaburi na Bibi Kelele!”

Watu walicheka mpaka kuku wa sokoni wakapanda juu ya meza. Siwema hakukaa.

“Ukimaliza kucheka, Mwenyekiti, tupe ufunguo wa mnara.”

“Nawapa! Tena naapa mbele ya umma. Mkiiamsha saa hii, kwenye lile jiwe la chini ya mnara, ambalo nililitengea jina langu, nitachonga jina lenu.” Kisha akatabasamu kama paka aliyeona mlango wa jiko uko wazi. “Lakini jiwe ni dogo. Jina moja. La mtu mmoja, aliyezaliwa na mama mmoja. Msije mkaniletea habari za kikundi.”

Siwema alisikia neno “jina,” na tangu hapo hakusikia jingine.

Kazi ikaanza.

Siwema alitoa kichwa. Alichukua mota ya waipa kutoka gari bovu, betri ya pikipiki, paneli ya sola, na kikompyuta chenye ukubwa wa kiberiti. Aliandika programu akaifuta, akaandika akaifuta, mpaka mota ikajua kusogea kila dakika bila kuchoka wala kukimbilia.

Lugoda alitoa mikono. Aliingia mnarani akakuta magurudumu ya zamani yameliwa na kutu hata meno hayana. Akayachonga yote upya kwa mti wa mninga, jino kwa jino, akiyapima kwa uzi na kwa ulimi, kwa sababu alidai ulimi unaona kombo ambalo jicho linalisamehe. Akachonga na uso wa saa na mishale miwili, mrefu na mfupi. Mota ya Siwema ilipowashwa, magurudumu yalizunguka kimya kama mtu anayekula cha kuiba.

Mwantumu alitaka kutoa sikio, lakini hakuna aliyelitaka.

“Tunaweka kengele,” alisema.

“Ya nini?” Siwema akauliza. “Saa inatazamwa, mwenzangu. Watu wana macho. Kengele itanimalizia betri.”

“Na aliye shambani?”

“Aje mjini atazame.”

“Haya,” Mwantumu akasema, na mtu anayemjua Mwantumu anajua kwamba “haya” yake si ya kukubali.

Alikwenda kwake akachagua rimu moja kati ya saba. Akalipiga tupa wiki mbili. Akachukua mfuniko wa sufuria kubwa, akaukata pengo kwa pengo kuzunguka ukingo: pengo la pigo moja, la mapigo mawili, la matatu, hadi kumi na mawili. Akaufunga kwa mnyororo wa baiskeli kwenye gurudumu la Lugoda, juu kabisa, penye giza la popo, ambako Siwema hakupanda. Hakutumia betri hata tone. Alining'iniza jiwe zito livute nyundo ya kuligonga rimu. Kisha akatia kigingi cha kuzuia, akashuka asimwambie mtu.

Na Siwema naye alikuwa na siri yake.

Wewe na mimi tunajua jinsi watu wetu wanavyosoma saa. Mshale ukiwa kwenye kumi, tunasema saa nne. Ukiwa kwenye saba, saa moja. Macho yanaona namba hii, mdomo unataja ile ya ng'ambo ya pili, na hakuna anayejiuliza. Siwema alijiuliza. Alipokuwa akiandika programu ile alikaa, kidole hewani, akasema peke yake, “Hivi saa ya Kilongamba nayo tuitafsiri?” Akaipanga saa iseme Kiswahili: saa nne, mshale kwenye nne. Hakumwambia mtu. Aliona ni jambo lililo wazi kama pua.

Siku ya kuzindua, ikatangazwa saa nne asubuhi. Mji mzima ukajaa sokoni. Kitambaa kikavutwa, na mshale mfupi ulikuwa kwenye nne, mrefu ukikaribia kumi na mbili, safi kabisa.

Watu wakatazama juu. Na kwa mazoea waliyonyonya na maziwa ya mama, kila mmoja akageuza.

“Saa kumi!” mama muuza vitumbua akapiga yowe. “Jamani, vitumbua vya asubuhi nimeviuza jioni?”

Mzee Shembiu akawa anakimbilia maji ya kutawadha kwa ajili ya alasiri, na chai ya asubuhi ingali kinywani. Bwana mmoja akashika kichwa akilia kwamba basi lake limeondoka, hali basi lenyewe liko mbele yake, na kondakta anamwita kwa jina.

Mtengeti akacheka hadi akashikiliwa. “Saa yenu imepotea masaa sita, Mama Makopo! Imelala wapi?”

“Haijapotea. Saa nne ni nne.”

“Geuza!” watu wakapaza sauti. “Geuza, Mama Makopo, unatuchanganya!”

Lugoda, ambaye alikuwa rafiki wa mumewe, akamsogelea. “Shemeji, hukuniambia. Igeuze tu. Ni kazi ya kidole kimoja.”

Ilikuwa kweli. Simu ilikuwa mkononi mwake. Kubonyeza mara moja, mshale ungeruka upande wa pili, watu wangepiga makofi, na saa ingekuwa kama saa zote duniani. Kidole chake kikafika karibu na kioo. Kisha akaitia simu kwenye mfuko wa aproni, akapanda juu ya kreti la soda.

“Sigeuzi!”

“Geuza!”

“Geukeni nyinyi! Jua limechomoza, saa moja imepita, ni saa moja. Saa nne zimepita, ni saa nne. Nani aliwaambia nne lazima iandikwe kumi? Mnaisema vizuri mdomoni, mnaiona kwa macho ya kuazima! Leo naambiwa geuza. Kama hamwezi kuisoma namba nne ikiwa imekaa kwenye nne, basi mbovu si saa!”

Maneno mazuri. Lakini maneno mazuri hayatulizi watu elfu moja waliokwishachanganyikiwa. Mtengeti alikuwa amekwishanyoosha mkono adai ufunguo wa mnara. Vijana wawili wakaanza kushika ngazi waiteremshe saa.

Kule juu, penye popo, Mwantumu, aliyekuwa amepanda tangu alfajiri, akachomoa kigingi.

Ng'aa!

Soko zima likaganda. Sauti ilipita juu ya mabati, ikavuka mto, ikarudi.

“Moja,” akasema mtoto mmoja.

Ng'aa! “Mbili,” wakasema watu kumi. Ng'aa! “Tatu!” soko likaitikia. Ng'aa! “Nne!”

Wakasubiri. Haikuja ya tano.

Jicho hugeuza, lakini sikio halijui kugeuza. Watu wakatazama juu tena. Mshale ulikuwa kwenye nne. Walikuwa wamehesabu nne. Mzee Shembiu, kata ya maji mkononi, akasema taratibu, “Kumbe nne ni nne.” Kisha kicheko kikalipuka, na safari hii hakikuwa cha kumcheka mtu.

Mtengeti hakucheka. Lakini alikuwa ameapa kwa kipaza sauti, na kipaza sauti kina mashahidi wengi. Akamwita mwashi mwenye tindo, akaletewa kiti na soda, akaketi mbele ya jiwe.

“Hongereni. Jina moja. Mkubaliane kabla kengele yenu haijagonga kumi na mbili jioni. Mkishindwa, nachonga langu.”

Akanywa soda yake kwa furaha, maana alijua alichokipanda.

Lugoda ndiye aliyeanza. “Mimi nimechonga majina mia mbili na kitu, na wenyewe wote wamelala chini. Naomba la mtu mmoja anayeweza kupita hapa akalisoma kwa macho yake. Wazo la shemeji lingekaa wapi bila meno yangu? Nyundo ya Mwantumu ingevutwa na nini? Kila kinachozunguka humo kimepita kwenye ulimi wangu!”

“Na kilizunguka kwenda wapi?” Mwantumu akajibu. “Kwenda kuteremshwa! Ngazi ilikuwa imeshashikwa. Mlinikatalia kengele, mkaniambia watu wana macho. Macho yao mmeyaona. Mji huu unaamka kwa mkono wangu kila siku, mnanisikia wote, lakini nikipita sokoni mnaniuliza, ‘Wewe dada ni mgeni?’ Nani aliyeiokoa saa hii?”

Siwema akasema wa mwisho. “Nilisimama mkutanoni peke yangu. Kichwa cha saa ni changu. Na mliponiambia geuza, hata wewe Lugoda, nilikataa peke yangu. Ningegeuza, mngepata saa kama za dukani, na kengele ya Mwantumu ingekuwa pambo. Mimi jina ninalo. Sijaitwa miaka ishirini.”

“Ukaidi wako ulitaka kutuua,” Lugoda akasema.

“Na ndio ukaidi uliotupa cha kuokoa,” Siwema akajibu.

Hakuna aliyekuwa mwongo. Ikagonga tano, ikagonga nane, ikagonga kumi, nao bado wanavutana. Kila ikigonga, Mtengeti aliagiza soda nyingine.

Ilipogonga kumi na moja, Siwema alimtazama yule bwana alivyonenepa kwa ugomvi wao, akainuka.

“Mwenyekiti, sogeza kiti chako.”

“Mmekubaliana?”

“Hatujakubaliana. Lakini saa tumeitoa mikononi mwako, na hukumu nayo tunaitoa. Ulitupa jiwe dogo ili tutoane macho wewe ukitazama. Hatutoani. Atakayetajwa na watu ndiye atakayechongwa, na wawili tutakaobaki tutashika taa mwashi aone vizuri. Wewe huna kura hapa.”

Lugoda akatikisa kichwa kukubali. Mwantumu akasema “haya,” na safari hii ilikuwa ya kukubali kweli. Mtengeti akakuta watu elfu moja wanamtazama, akasogeza kiti.

Sasa mshale mrefu umebakiza dakika tano saa kumi na mbili itimie. Juu mnarani nyundo imeshajinyanyua. Mwashi amepiga goti, ameweka ncha ya tindo kwenye jiwe, na anauliza, “Niandike nani?”

Kichwa kilichowaza na kukataa kugeuza? Mikono iliyokipa kichwa mwili? Au sikio lililokataliwa, likaokoa vyote viwili?

Usimtazame jirani yako. Naye anakutazama wewe. Dakika tano, jina moja. Je, ungemwambia mwashi achonge la nani?