Kwa Nini Isuba Hatuimbi Kiitikio cha Kwanza

Sogezeni mabenchi, wanakwaya wageni, chai haitawakimbia. Nimewaona leo kanisani mkigongana viwiko, mkidhani tumesahau wimbo. Hatukusahau. Sikilizeni.

Zamani, kanisa letu hapa Isuba lilipokuwa bado la nyasi, watu waliimba kwa kunong'ona. Ndiyo, kunong'ona! Mchungaji Asegelile alikuwa mtu mwema, lakini aliamini kwamba sauti kubwa ni ya ngomani, na Mungu huimbiwa kwa adabu, mlango umefungwa. Basi wakaimba hivyo, midomo ikichezacheza tu. Aliyekaa nyuma hakujua kama wa mbele wameanza wimbo au wanatafuna karanga.

Binti mmoja tu, Tupokigwe, ndiye aliyeshindwa. Sauti yake ilikuwa nene, na kila alipoibana ilimtoroka. Wakamwambia aimbe moyoni. Akaona aibu, akawa anafumba mdomo ibada nzima. Jambo hilo lilimuudhi sana mama yake, Bibi Sekela, maana nyumbani binti huyo alianza siku kwa kuimba jikoni, na mama alimwitikia angali kitandani.

Jumapili moja ukungu ukashuka kutoka mlimani. Ninyi watu wa mjini ukungu wetu hamuujui. Unanyoosha mkono, huoni vidole. Bibi Sekela alikuwa ametangulia kanisani, lakini wengine walipofika hawakumkuta. Njia ile hupita kando ya korongo. Kila mtu aliliwaza korongo, hakuna aliyelitaja.

Watu wakatawanyika kumwita. Huyu akaita kutoka migombani, yule kutoka mtoni, mwingine kutoka juu kilimani. Jamani, kosa gani lile! Bibi wa watu, kama alivyokuja kusimulia mwenyewe, akisikia jina lake huku anageuka, akilisikia kule anageuka tena, mpaka akawa hajui alikotoka wala aendako. Mguu wake ulikuwa umeanza kukanyaga mawe ya ukingoni.

Tupokigwe akarudi mbio kanisani, akamlilia mchungaji. "Baba Mchungaji, tunamuua mama yangu kwa kumwita! Warudi wote. Tuimbe pamoja hapa mlangoni, sauti itoke mahali pamoja."

Mchungaji akamtazama, akautazama mlango. Kisha akaufungua mwenyewe.

Watu wakaitana, wakarudi. Wakasimama wameelekea mlangoni, madhabahu wameipa mgongo, jambo ambalo halikuwa limeonekana hapa hata mara moja. Tupokigwe akaanzisha wimbo, na safari hii hakuibana sauti. Wakaimba ubeti kwa nguvu zao zote. Walipofika kwenye kiitikio akainua mkono, wakanyamaza wasikilize. Kimya. Wakaimba ubeti mwingine, wakanyamaza tena. Kimya vilevile. Sasa alikuwa anaimba huku analia, sauti inamkatika, na wenzake wanaupokea wimbo pale anapouangusha.

Wakanyamaza tena. Ndipo huko mbali, ndani ya ukungu, kikasikika kisauti chembamba kikiitikia.

Wee! Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, acha tu! Wakaendelea, ubeti wao, kiitikio chake, kila mara karibu zaidi, mpaka Bibi Sekela akatokeza mlangoni, tope limemfika magotini. Hata salamu hakutoa. Akauliza kwa hasira, "Kumbe siku zote mlikuwa mnaweza kuimba?"

Na tangu siku hiyo, huku Isuba wimbo wa kwanza huimbwa kwa sauti kubwa, mlango wazi, nyuso zetu zikitazama nje. Kiitikio cha kwanza hatukiimbi. Tunakiacha kwa aliyeko nje, na tunamsubiri.

Mara nyingi hajibu mtu, nisiwadanganye. Ila Jumapili ya mavuno tuliitikiwa kutoka barabarani. Alikuwa mwanangu Lusajo, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu amzike mkewe. Mimi sikuhitaji kumwona. Nilimjua kwa sauti.